Milimita 16 kwa Sekunde: Vidhibiti Mwendo Nilivyojitengenezea kwa Treni za Mfano

Kila ninapoonyeshwa kidhibiti mwendo kipya cha treni za mfano, mwenye nacho hukizungusha hadi mwisho ili nione treni inavyotimka. Nangoja amalize kufurahi, kisha namwomba arudi sifuri na kupandisha taratibu mpaka kichwa kianze kujongea. Hapo ndipo maneno hupungua. Kwenda mbio si kazi. Betri ya volti 12 ukiichomeka moja kwa moja kwenye reli, treni itakwenda mbio bila msaada wa mtu. Kazi iko kwenye robo ya kwanza ya mzunguko, pale kichwa kinapotakiwa kuondoka bila kuruka, kusukuma behewa mpaka liguse la mbele yake, na kusimama bila kulibamiza.

Nina kipimo changu, na kimetokana na hesabu ndogo. Mtu anayetembea kwa miguu huenda kama kilomita 5 kwa saa, yaani mita 1.39 kwa sekunde. Kwenye treni za HO, ambazo ni ndogo mara 87 kuliko treni halisi (1:87), mwendo huo ni milimita 16 kwa sekunde. Mita moja ya reli inakuwa safari ya dakika nzima na ushei. Kwa treni za N, 1:160, hazifiki hata milimita 9. Kichwa kinachopanga mabehewa stesheni kinakwenda hivyo, mtu akitembea kando yake na bendera mkononi. Basi nimebandika vipande viwili vya utepe mita moja kutoka kimoja hadi kingine, na kila kidhibiti kinachotoka mezani kwangu kinapita hapo kwanza. Kama kichwa hakiwezi kutambaa mita ile kwa dakika moja bila kusitasita, sijali kina taa ngapi za kupendeza.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili ni gumu, tuanze na vidhibiti vya kizazi kilichopita. Vilikuwa rahisi ajabu: rezista ya waya uliozungushiwa kigae, na kiguso kinachoteleza juu yake. Umeme wote wa mota unapita humo, na ubaya wake ndio huo. Chukua mota yenye ohmu 20, rezista ikiwa imekaa kwenye ohmu 80, umeme wa volti 12. Mota ikiwa imesimama, mkondo ni ampea 0.12 na mota inapata volti 2.4 tu; haina nguvu ya kujinasua. Sasa isukume kidogo kwa kidole. Ikianza kuzunguka inakuwa jenereta pia, inazalisha umeme wake unaopingana na ule unaoingia, na mkondo unashuka. Ukishuka hadi ampea 0.06, rezista inabaki inakula volti 4.8, na mota inajikuta na volti 7.2. Hujagusa kitu, lakini treni imeruka. Mlimani mambo yanageuka: kichwa kikielemewa kinavuta mkondo zaidi, rezista inakula volti zaidi, na mota inanyimwa umeme saa ileile inapouhitaji. Dereva anabaki kuzungusha huku na huku akidhani tatizo ni mikono yake.

Dawa yake ni transista moja. Mimi natumia TIP122 kwa sababu inavumilia: volti 100, ampea 5, na ndani yake zimo transista mbili zilizoungwa kwa mtindo wa Darlington, kwa hiyo mkondo mdogo kwenye besi unazidishwa mara elfu moja au zaidi. Ukiitazama upande wenye maandishi, miguu kutoka kushoto ni besi, kolekta na emita. Kolekta inakwenda kwenye chanya ya umeme, emita inakwenda kwenye reli, na besi inashika mguu wa kati wa volyumu, ile rezista ya kuzungusha yenye miguu mitatu. Miguu ya pembeni ya volyumu inakwenda chanya na hasi. Basi, umemaliza. Volyumu sasa haibebi mzigo wa mota, inatoa amri tu: ukiiweka kwenye volti 6, emita inakaa karibu na volti 4.6, na inabaki hapo kichwa kiwe tambarare, mlimani au na mabehewa kumi nyuma.

Hizo volti 1.4 zilizopotea kati ya besi na emita ndizo zinazowachanganya wanaoanza. Unazungusha, unazungusha, hakuna kitu, mpaka volyumu ipite sehemu yake ya kwanza iliyokufa. Weka rezista ya ohmu 470 kati ya mguu wa chini wa volyumu na hasi. Volyumu ikiwa ya kilo-ohmu 5 na umeme wa volti 15 na kitu, mwanzo wa mzunguko unakuwa tayari kwenye volti 1.3, na ile sehemu iliyokufa karibu yote inatoweka. Nunua volyumu iliyoandikwa B5K, siyo A5K. Ile ya A imetengenezwa kwa ajili ya sauti, haipandi sawasawa. Nusu nzima ya mzunguko inakupa sehemu ndogo ya volti, kisha nusu ya pili inamwaga zote. Wapo wanaoipenda kwa treni wakisema inarefusha mwendo wa chini. Nimeijaribu, na ninachokiona ni kwamba inarefusha sehemu ambayo mota bado haijaamka. Halafu weka kishikio kikubwa. Changu kilitoka kwenye redio iliyokufa, kipenyo chake kinajaza vidole vitatu, na kinasaidia mwendo wa chini kuliko sehemu nyingi za kielektroniki zinazosifiwa.

Transista inapata joto, na hapa msikwepe hesabu. Umeme unaoingia ni volti 15.6, reli zinapata 5, mota inavuta ampea 0.4: zile volti 10.6 zinazobaki, mara 0.4, ni wati 4.2 zinazogeuka joto ndani ya kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Bila bati la alumini TIP122 inaweza kuvumilia kama wati 2. Kwa hiyo ni lazima ifungwe kwenye bati, na ukumbuke kwamba mgongo wake wa chuma umeungana na kolekta. Ukiifunga kwenye kisanduku cha chuma bila karatasi ya maika na kikombe cha plastiki cha kuzuia skrubu, kisanduku chote kinakuwa chanya.

Sasa shoti. Kwenye treni za mfano shoti si ajali, ni desturi. Gurudumu likitoka njiani, au bisibisi ikisahauliwa juu ya reli, pande mbili zinagusana na mkondo wote unataka kupita. Kuna saketi nzuri za kuzuia: rezista ya ohmu 0.47 kwenye njia ya mkondo na transista ndogo inayoitazama. Mkondo ukifika ampea 1.3 hivi, volti 0.6 zinapatikana kwenye rezista, transista ndogo inafunguka na kuivuta besi ya ile kubwa chini. Inafanya kazi. Lakini wakati huo transista kubwa inabeba volti 15.6 zote kwa ampea 1.3, wati 20, na lile bati lako dogo litaunguza vidole kabla hujalipata behewa lililoanguka.

Ndiyo maana napenda balbu. Balbu ya indiketa ya gari, volti 12, wati 21, inafungwa kwenye njia ya kolekta. Nyuzi zake zikiwa baridi zina ukinzani mdogo sana, kama sehemu ya kumi ya ule zinaokuwa nao zikiwaka, kwa hiyo mota ikivuta ampea 0.3 balbu haijulikani kama ipo. Shoti ikitokea nyuzi zinapata moto mara moja, ukinzani unapanda hadi karibu ohmu 7, na mkondo unasimama kwenye ampea 2 hivi. Karibu volti zote zinabaki kwenye balbu, siyo kwenye transista. Hakuna fyuzi ya kubadilisha wala kitufe cha kubonyeza. Ukiondoa chanzo cha shoti, balbu inazimika na treni inaendelea. Kwa treni za N, ambazo mota zake na nyaya zake ni nyembamba, weka ya wati 10. Nimeipachika mbele ya kisanduku chini ya kifuniko cha plastiki chekundu, na mpwa wangu, ambaye ndiye dereva mkuu, wakati mwingine naamini anaiangusha treni makusudi ili aione ikiwaka.

Kurudi nyuma ni swichi ya miguu sita inayovuka nyaya, chanya iende reli ya kushoto badala ya kulia. Chukua ile yenye nafasi ya katikati iliyozimwa. Na weka dayodi (hupitisha umeme upande mmoja tu) ya 1N4007 kinyume, kati ya emita na hasi, kabla ya swichi, ili mateke ya umeme yanayotoka kwenye mota ikikatwa ghafla yapate pa kupita.

Ukishakuwa na kidhibiti cha namna hii utatamani uzito. Treni halisi ya mizigo haisimami kwa sababu dereva amerudisha mkono, inachukua muda. Kapasita ya mikrofaradi 470 kati ya besi na hasi, na rezista ya kilo-ohmu 22 kati ya volyumu na hiyo kapasita, zinakupa kama sekunde 10 za kujaa na kama hizo za kushuka. Ila TIP122 peke yake haitoshi hapa. Mota ya nusu ampea inataka nusu miliampea kwenye besi, na nusu miliampea ikipita kwenye kilo-ohmu 22 inaacha volti 11 njiani. Kichwa hakitasogea. Tanguliza transista ndogo ya BC547: besi yake kwenye kapasita, kolekta kwenye chanya, emita yake kwenye besi ya TIP122. Sasa mkondo unaotoka kwenye kapasita ni wa mikroampea chache tu. Sehemu iliyokufa inaongezeka hadi volti 2 hivi, kwa hiyo ile rezista ya 470 iwe 680 au 820. Kitufe cha breki ni rezista ndogo, tuseme kilo-ohmu 2.2, inayomwaga kapasita ukibonyeza. Kuendesha kwa breki kunanoga kuliko ninavyoweza kueleza. Unafunga umeme mbali kabla ya stesheni, unaiacha treni ijiendee, halafu unabonyeza kidogo kidogo mpaka mlango wa behewa ulingane na jukwaa.

Kisanduku cha pili kilitokana na kichwa kimoja kikaidi, cha zamani, mota yake ya wazi yenye ncha tatu na sumaku iliyochoka. Kwa umeme laini kinagoma, kinagoma, kisha kinaondoka kwa kasi ya mbio za farasi. Msuguano wa kusimama ni mkubwa kuliko wa kutembea, na volti 3 laini haziushindi. Kinachoushinda ni mapigo: volti 12 kamili, lakini kwa vipande vifupi, mara nyingi kwa sekunde. Kila pigo linaisukuma mota kwa nguvu zote, halafu linaiacha. Kasi inatokana na urefu wa pigo ukilinganishwa na pengo.

Kwa hilo kuna chipu ya 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind kwa kampuni ya Signetics mwaka 1971 na bado inatengenezwa hadi leo. Volyumu ya kilo-ohmu 100 na dayodi mbili za 1N4148 zinatenganisha njia ya kujaza kapasita na njia ya kuimwaga, hivyo ukizungusha, pigo linarefuka na pengo linafupika bila idadi ya mapigo kubadilika. Kapasita ikiwa ya nanofaradi 100 unapata mapigo kama 140 kwa sekunde. Mguu wa 3 unaendesha MOSFET, transista inayofunguka kwa volti kwenye mguu wake uitwao geti, kama IRF540 kupitia rezista ya ohmu 100, na rezista nyingine ya kilo-ohmu 10 inavuta geti chini. Chipu ikipata volti 12, geti inapata zaidi ya 10, na MOSFET inafunguka kabisa. Haipati joto la kusumbua. Tahadhari moja: usiipe 555 volti zaidi ya 16. Transfoma ya volti 12 ikishapita kwenye dayodi nne na kapasita, bila mzigo inaweza kusoma zaidi ya hapo, kwa hiyo chipu ilishwe kupitia 7812, chipu inayoshusha umeme hadi volti 12.

Kile kichwa kikaidi kikatambaa. Kinanguruma, ni kweli, mapigo 140 yanasikika kwenye gia kama nyuki kwenye kopo, lakini kilipita mita yangu kikiwa na sekunde za ziada.

Ukiudhika na mlio, punguza kapasita hadi pikofaradi 680. Mapigo yanakuwa zaidi ya 20,000 kwa sekunde na sikio haliyasikii tena. Lakini ujue umeuza nini. Kwa kasi hiyo mkondo ndani ya mota haupati nafasi ya kupanda na kushuka, unakuwa karibu laini, na ule msukumo wa kuvunja msuguano unapungua. Dayodi ya 1N4007 pia ni ya polepole mno kwa kazi hiyo. Weka ya Schottky, 1N5822 au 1N5819. Na kichwa chenye kapasita ndani ya kuzuia kelele za televisheni kinaweza kukupa matokeo ya ajabu, maana kapasita hiyo inayameza mapigo.

Kuna mota ambazo sizisogezi karibu na mapigo ya polepole: zile zisizo na kiini cha chuma, ambazo koili yake ni kikombe chembamba cha waya tupu. Zinapatikana kwenye vichwa vidogo na vile vya bei kali. Hazina chuma cha kusambaza joto wala cha kulainisha mkondo, kwa hiyo kila pigo linakuwa joto ndani ya ule waya. Hizo zinapata umeme laini kutoka kisanduku cha kwanza, basi.

Kisanduku cha tatu bado kiko kwenye ubao wa majaribio. Ni Arduino Uno, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, na chipu ya kuendesha mota. Nilianza na L298N kama kila mtu, na nikaichoka haraka: kwenye ampea 1 inakula kama volti 2 na kuzigeuza joto. DRV8871 ni ndogo, inapokea kuanzia volti 6.5 hadi 45, na inapoteza kidogo sana. Uno kwa kawaida inatoa mapigo 490 kwa sekunde, 980 kwenye pini za 5 na 6. Mstari mmoja wa programu unaobadilisha taima namba 1 unapeleka pini za 9 na 10 hadi 31,372. Uzuri wake haupo hapo, upo kwenye kusikiliza. Mara kadhaa kila sekunde programu inakata umeme kwa milisekunde chache, inangoja mkondo utulie, halafu inasoma umeme ambao mota yenyewe inauzalisha ikizunguka. Usomaji unapitia rezista mbili, 22k na 10k, kwa sababu Uno haivumilii zaidi ya volti 5. Volti 12 zinafika zikiwa 3.75. Umeme huo unalingana na kasi. Ukiwa chini ya unaotakiwa, ongeza pigo. Ukiwa juu, punguza.

Kichwa kikipanda kilima unasikia mlio ukibadilika, lakini kasi ni ileile. Ukiipa programu ukali mno, inasahihisha kupita kiasi, na kichwa chenye magurudumu mazito ya kulainisha mwendo kinaanza kuyumba mbele na nyuma kana kwamba kina wasiwasi. Sijapata namba moja inayofaa vichwa vyote, kwa hiyo nimeweka volyumu ya pili kwa ajili ya huo ukali.

Kuhusu umeme wa ukutani: sifungui, sigusi. Adapta iliyofungwa, ya volti 12 au 15, au chaja ya laptopu ya volti 19 ikipitia LM317, chipu ya kushusha volti, inayoweza kupozwa vizuri, na kila kitu mezani kinabaki chini ya volti zinazoweza kuumiza mtu. Na kabla ya kulaumu kidhibiti, futa reli kwa kitambaa chenye spiriti. Hakuna saketi inayopita kwenye uchafu.

Ukiwa na visanduku viwili kwenye mtandao mmoja wa reli na reli moja ikiwa ya pamoja, kila kidhibiti kiwe na adapta yake. Vikitumia adapta moja, siku treni moja inakwenda mbele na nyingine inarudi, swichi zako mbili zinaunganisha chanya na hasi kupitia ile reli ya pamoja, na balbu zote mbili zinawaka.

Vichwa vyenye dekoda ya DCC, yaani chipu ya ndani inayopokea amri za kidijitali kupitia reli, ni habari nyingine. Dekoda nyingi hukubali umeme laini wa kawaida, ingawa huamka zikishapata volti kadhaa, lakini mapigo huzichanganya. Kwa hiyo navyo hutumia kisanduku cha kwanza. Na kama sehemu ya reli zako inalishwa na DCC na nyingine na kidhibiti cha namna hii, usitegemee ule mkato mdogo kati yao. Kichwa kinachoupita kinaziunganisha pande mbili kwa magurudumu yake, na DCC inaingia moja kwa moja kwenye emita ya TIP122. Weka swichi inayohamisha reli zote kwa mkupuo, au uzitenganishe kabisa.